Habari za Emin Pasha

Katika njia ya zamani ya misafara, ile itokayo Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Ugogo na Mgunda Mkali hata Unyanyembe, wamepita wageni wengi ambao majina yao yameandikwa vitabuni. Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857, na mahali pale wao walipaita Kazeh. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872. Habari za hao mmekwisha kuzisoma. Sasa tutasoma habari za mtu mwingine, aliyefika Tabora mwishoni mwa Julai 1890. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye ndevu na miwani. Macho yake yalikuwa mabovu sana, hata akitaka kusoma barua alikuwa hana budi kuisogeza karibu kabisa na uso wake. Lakini mtu huyo aliweza kutofautisha ndege wawili ambao wengine wote waliwaona kuwa ni wa namna moja.

Jina lake alilopewa alipozaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, ambao siku hizo ulikuwa katika nchi ya Wadachi, na leo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, aliyekuwa mfanya biashara, alikufa mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake akaolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa. Walikaa katika mji wa Neisse, na huko, tangu ujana wake, alipenda mno kukusanya ndege, mimea na wadudu. Alipokua alisoma uganga katika miji ya Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza masomo yake mwaka 1864.

Hakukaa Ulaya kufanya kazi yake. Alikwenda katika dola ya Waturuki, akawa mganga wa bandari, kazi yake kuwaangalia abiria wasije wakaingiza maradhi katika nchi. Akajifunza Kituruki, Kiarabu na lugha nyingine nyingi. Akaacha jina lake la kwanza akajiita Emin, ambalo ndilo Amini katika Kiarabu. Alivaa kama watu wa huko, alisema kama wao, na wengi walidhani kuwa ni mwenzao.

Mwishoni mwa mwaka 1875 alifika Khartoum, katika Sudan. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Gordon, Mwingereza aliyekuwa akitawala jimbo la Ikweta kwa amri ya serikali ya Misri, awe mganga mkuu wa jimbo. Gordon alimtuma mara mbili kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na mara moja kwa Mukama Kabarega wa Bunyoro, akaenda na kurudi salama. Mwaka 1878 akafanywa yeye mwenyewe kuwa liwali wa jimbo lote, na makao yake yakawa Lado, kando ya Nile.

Kazi ya uliwali ilikuwa ngumu. Wafanya biashara ya watumwa walikuwa wamezoea kuingia katika nchi na kuchukua watu kama mtu achukuavyo kuku wake mwenyewe. Emin aliwapinga kwa miaka mingi. Alipanda pamba, akawafundisha watu kufuma nguo zao, maana merikebu kutoka Khartoum zilifika kwa taabu. Mchana alisikiliza mashauri na kuwatibu wagonjwa. Wakati uliobaki aliutumia kwa ndege zake na wadudu wake.

Nataka mfahamu jinsi alivyofanya kazi hiyo, maana watu wengi hufikiri kukusanya wadudu ni mchezo wa watoto. Ndege alipoletwa, Emin alimpima papo hapo kabla hajakauka: urefu wa mwili, urefu wa bawa, urefu wa mdomo, urefu wa mkia. Akaandika rangi ya macho na ya miguu, kwa sababu rangi hizo hupotea ndege akiisha kufa, na mtu wa Ulaya atakayeipokea ngozi kavu hataweza kuzijua tena. Akaandika mahali na tarehe. Mwandiko wake ulikuwa mdogo sana lakini safi, kila herufi mahali pake. Ngozi isiyo na mahali wala tarehe ni kama barua isiyo na jina la aliyeiandika. Waweza kuitazama, lakini huwezi kuijibu.

Vitu hivyo alivipeleka kwa wataalamu. Gustav Hartlaub wa mji wa Bremen alichunguza ndege zake nyingi. Mwaka 1880 akampa shomoro mmoja jina la Emin Bey, na mwaka 1882 akampa ndege mwingine, aina ya mbwigu, jina lenye maana ya liwali. Wanyama wengine walifika London. Kati yao alikuwamo panya buku kutoka Gadda, katika nchi ya Mangbetu. Panya huyo alikaa miaka mingi katika jumba la makumbusho kabla mtu hajamwangalia vema. Mwaka 1910 mtaalamu mmoja, jina lake Wroughton, aliona kuwa si sawa na panya buku mwingine aliyejulikana zamani. Yule mwingine ana manyoya marefu na magumu, na rangi yake ya juu huingiana polepole na ya tumbo. Huyu wa msituni ana manyoya mafupi na laini, na tumbo lake jeupe limetengwa na mgongo kwa mpaka ulio wazi. Akamwita kwa jina la Emin. Wakati huo Emin alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na minane.

Basi mambo ya Sudan yakaharibika. Mwaka 1881 aliondoka Mahdi kupigana na serikali ya Misri, na tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikatekwa, Gordon akauawa. Emin akabaki peke yake kusini, njia ya kaskazini imefungwa. Akarudi nyuma mpaka Wadelai, karibu na ziwa ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige na Waingereza huliita Albert. Askari wake walikuwa na nguo chache na risasi chache. Hata hivyo hakuacha kukusanya. Wengine wamemcheka kwa jambo hilo, wakisema liwali aliyezungukwa na adui alipasa kufikiri mambo makubwa kuliko mbawa za vipepeo. Mimi naona kuwa mtu aliyefungiwa miaka mingi mbali na wenzake hana budi kuwa na kazi ya kumshika akili, na hiyo ndiyo iliyomshika Emin.

Watu wa Ulaya waliposikia kuwa yu hai walimtuma Stanley kwenda kumwokoa. Stanley alipita msitu wa Kongo kwa taabu kubwa, watu wake wengi wakafa, akakutana na Emin kando ya ziwa tarehe 29 Aprili 1888. Ajabu yake, mwenye kuokolewa alikuwa na hali njema kuliko waliokuja kumwokoa. Tena hakuwa na hamu ya kuondoka. Lakini mwaka ule ule askari wake walimwasi wakamfunga Dufile, na alipofunguliwa hakuwa na neno tena. Aprili 1889 msafara ukashika njia ya pwani. Njiani Stanley, aliyependa mwendo wa haraka, alichukizwa kumwona Pasha akinunua mijusi na wadudu kwa wapagazi na kuchuna ndege kila kituo. Watu wawili hawa hawakupatana kamwe. Mmoja aliutazama upeo wa macho, na mwingine alitazama kilicho mkononi.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku ule Wadachi waliwafanyia karamu. Emin aliondoka mezani akaenda dirishani, na kwa ubovu wa macho yake hakuona kuwa ukingo ni mfupi. Akaanguka chini kutoka ghorofa, akaumia kichwa vibaya. Alikaa hospitali muda mrefu. Alipopona hakwenda Ulaya, ambako watu walikuwa wamejiandaa kumpokea kwa shangwe. Aliingia katika kazi ya Wadachi, na tarehe 26 Aprili 1890 akatoka Bagamoyo na msafara mkubwa, kurudi bara.

Katika msafara huo alikuwamo kijana mmoja wa Hamburg, Franz Stuhlmann, mtaalamu wa viumbe, na Padre Schynse wa shirika la White Fathers, ambaye alikuwa ametoka ziwani pamoja na Emin mwaka uliotangulia. Emin alikuwa ameagizwa kushika nchi za kandokando ya Ziwa Victoria. Kuingia Tabora hakukuwamo katika agizo lake. Lakini aliingia, na mwanzoni mwa Agosti Waarabu wa Tabora wakafanya mapatano naye, wakakubali bendera ya Wadachi na kuwa na liwali wao chini yake. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye alipokea bendera. Mapatano hayo hayakudumu. Isike alipigana na Wadachi, na Januari 1893, ngome yake ilipotekwa, alikufa humo. Emin hakuwapo tena wakati huo, lakini bendera aliyoisimamisha ndiyo iliyofungua mlango. Wissmann, mkubwa wake wa pwani, alimkasirikia kwa kutofuata amri, akamwita arudi. Emin hakurudi.

Tusiache Tabora bado. Siku zile za msafara, Emin na Stuhlmann waliokota wadudu njia nzima, na wengi wao walikuwa mbawakawa. Mbawakawa ni wadudu wenye mbawa mbili ngumu za juu, kama vifuniko, na mbawa mbili nyororo zilizokunjwa chini yake. Hakuna kundi la wanyama lenye namna nyingi zaidi zilizokwisha kupewa majina. Yule mkubwa mweusi aviringishaye mavi ya ng'ombe ni mbawakawa. Kimulimuli ni mbawakawa. Fukusi wa ghalani naye pia. Mtaalamu humchoma mbawakawa sindano katika kifuniko cha kulia, wala si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima wa kutazamwa. Kisha hutazama papasi za kichwani zina vipande vingapi, na vya mwisho vimevimba au havikuvimba. Hutazama miguu ina vifundo vingapi. Hutazama vifuniko vina mistari, vinundu au manyoya. Rangi huitazama mwisho, maana rangi hudanganya.

Wakati mwingine hayo yote hayatoshi. Chukueni fukusi wawili wa nafaka, mmoja aitwaye wa mchele na mwingine wa mahindi. Wote wawili wana mdomo mrefu kama mkonga wa tembo, wote wana urefu wa milimita 3 hivi, na wote wana madoa manne yenye wekundu mgongoni. Wote hula mchele na mahindi, basi majina yao hayasaidii. Watu waliwachanganya zaidi ya miaka mia. Njia ya kweli ni kumpasua tumbo dume chini ya kioo cha kukuzia, na kutoa kiungo chake cha uzazi, ambacho ni kigumu kama ukucha. Cha fukusi wa mchele ni laini juu yake. Cha fukusi wa mahindi kina mifereji miwili inayokwenda kwa urefu. Kwa jike kuna kipande kidogo kigumu chenye umbo la panda: ncha zake kwa yule wa mchele ni za mviringo, kwa yule wa mahindi zimechongoka. Siku za Emin wataalamu wengi walitazama nje tu. Kazi hii ya ndani ilizidi kuenea baadaye.

Mtu ataniuliza faida yake ni nini. Jibu liko Tabora penyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa huo waliona jambo jipya ghalani. Mahindi yaliyowekwa yakiwa mazima, baada ya miezi michache yalikuwa unga na magunzi matupu. Waliopima walikuta kuwa katika ghala nyingine karibu theluthi ya uzito imepotea kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Muhogo mkavu nao ulibunguliwa ukawa vumbi. Watu walisema ni dumuzi, na jina hilo walilijua tangu zamani kwa wadudu watoboao nafaka. Baadaye wengine wakamwita Scania, kwa jina la magari makubwa.

Mwaka 1981 habari zake zilitangazwa: hakuwa dumuzi wa zamani. Alikuwa mbawakawa wa Mexico na Amerika ya Kati, ambaye George Horn, mganga wa Philadelphia, alikuwa amempa jina mwaka 1878, na hapo kabla hakuwa amejulikana katika Afrika. Alikuwa amevuka bahari, na inadhaniwa kuwa alikuja ndani ya mahindi. Alijulikanaje? Kwa mwili wake tu. Dumuzi mdogo wa zamani ana urefu wa milimita 2 hadi 3, ni mwembamba, na nyuma yake ni mviringo. Huyu mgeni ana milimita 3 hadi 4 na nusu, ni mnene zaidi, na nyuma yake ni kama amekatwa wima kwa kisu, na ukingo umeinuka pande zote mbili. Jina alilopewa na Horn lina maana hiyo hiyo: aliyekatwa. Wote wawili wameinamisha kichwa chini ya kifua, hata ukiwatazama kutoka juu wadhani hawana kichwa.

Na tofauti hiyo ndogo ya nyuma ya mdudu ilikuwa na maana kubwa kwa mtu mwenye ghala. Dawa ya unga iliyofaa kuua fukusi haikumweza huyu mgeni. Na dawa iliyomweza mgeni haikuwaua fukusi vema. Mkulima aliyekosea mdudu alinunua dawa isiyomfaa, akapoteza fedha na mahindi pamoja. Ikabidi kuchanganya dawa mbili. Tena watu walishauriwa kupukuchua mahindi kabla ya kuyaweka, maana mdudu huyu hustawi zaidi mahindi yakiwa bado katika gunzi, ambapo punje zimeshikana na yeye hupata mahali pa kujikaza anapotoboa. Kutoka Tabora alienea akafika Kenya, Burundi na mbali zaidi.

Sasa turudi kwa Emin. Kutoka Tabora alikwenda kaskazini, akafika upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, na mwezi wa Novemba 1890 akaanzisha boma la Bukoba. Padre Schynse alibaki kusini mwa ziwa, akafa Bukumbi mwaka 1891. Mwaka huo huo Emin na Stuhlmann walitoka tena, wakapita Karagwe, wakaingia katika nchi iliyo nje ya mipaka ya Wadachi, karibu na msitu mkubwa wa Kongo. Labda alitumaini kuwakuta askari wake wa zamani wa Ikweta. Alikuta wachache tu. Njaa ikaingia katika msafara, kisha ndui. Watu walianguka kila siku. Macho ya Emin yalikuwa yamekaribia kufa kabisa.

Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann awachukue watu wazima na masanduku ya vitu vilivyokusanywa, arudi nao ziwani. Yeye mwenyewe angebaki na wagonjwa. Stuhlmann hakutaka kumwacha, lakini amri ilikuwa amri. Katika mambo yote ya Emin, hili ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Alikuwa mganga kabla ya kuwa liwali, na wagonjwa wale walikuwa wake.

Ndui ilipopungua alisafiri kuelekea magharibi pamoja na waliosalia, kwa kuongozwa na watu wa misafara ya Waarabu, waliomwahidi salama. Lakini wakati ule vita ilikuwa imewaka katika Kongo kati ya Waarabu na Wabelgiji, na mkubwa wa mahali paitwapo Kibonge aliandika barua kwamba Mzungu huyo auawe. Oktoba 1892 Emin alikuwa Kinena. Watu wake walidanganywa waweke bunduki zao chini, waende shambani kuchukua ndizi na mihogo. Wauaji wenyewe, walipokamatwa baadaye na Wabelgiji, walieleza jinsi walivyomkuta: ameketi barazani, anaandika, na juu ya meza yake ndege na wadudu wengi aliokuwa amewakusanya njiani. Wakamshika mikono. Alidhani ni makosa, akawaonyesha barua ya ahadi aliyopewa; nao wakamwonyesha barua ya pili. Aliisogeza karibu na macho yake akaisoma yote. Kisha aliwaomba wamwangalie mtoto wake mdogo; binti yake Ferida alikuwa mbali nao. Wakamkata shingo. Wauaji hao walinyongwa.

Vile vilivyokuwa mezani vilipotea. Lakini masanduku aliyoyachukua Stuhlmann yalifika Bukoba mwaka 1892, yakashuka pwani, yakafika Berlin. Ferida alilelewa Ulaya kwa dada yake Emin. Stuhlmann aliandika kitabu cha safari yao, kikachapishwa mwaka 1894. Na mwaka 1897 Hermann Kolbe, mtunza mbawakawa wa jumba la makumbusho la Berlin, alitoa kitabu kikubwa cha mbawakawa wote waliojulikana katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi, kila namna na alama zake za mwili, na mahali ilipookotwa.